Chekoslovakia 1968: dunia haikunyamaza

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu mwaka 1968, habari ya Chekoslovakia, nchi ya Kikomunisti ya Ulaya iliyovamiwa na washirika wake mwaka huo, imemalizwa kwa sentensi moja: vifaru viliingia Prague, mji wake mkuu, dunia ikanyamaza. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 31 na sentensi hiyo nimeikuta kwenye madaftari ya wanafunzi mara nyingi. Naomba nafasi niisahihishe, maana inawadhulumu watu waliosema, wengine kwa gharama kubwa, na inawafichia wasomaji wako vijana jambo ambalo nchi yao, Tanzania, inastahili kujivunia.

Kwanza nikumbushe kilichovamiwa. Januari 1968 Alexander Dubček, Mkomunisti tangu ujana wake, alichukua uongozi wa chama kutoka kwa Antonín Novotný. Aprili chama kikatangaza mpango wa mageuzi: magazeti yaandike bila mkaguzi, waliofungwa kwa kuonewa wasafishwe majina, raia wasafiri, Waslovakia wapate haki sawa na Wacheki. Hawakutaka kuuacha ujamaa wala kujitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa nchi za Kikomunisti chini ya Moscow. Waliuita ujamaa wenye sura ya utu. Usiku wa Agosti 20 kuamkia 21, majeshi ya Umoja wa Kisovieti, Poland, Hungaria na Bulgaria yalivuka mpaka. Waliouawa mwaka ule walizidi 100. Dubček na wenzake walikamatwa na kupelekwa Moscow.

Sasa tuje kwenye hiyo dunia inayosemwa ilinyamaza. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikaa siku ileile ya Agosti 21. Azimio la kulaani uvamizi lilipata kura 10 kati ya 15, na miongoni mwa hizo zimo za Ethiopia na Senegali. India, Pakistani na Algeria hazikuunga mkono wala kupinga. Hungaria ilipinga pamoja na Moscow, na kura ya turufu ya Moscow ikaliua azimio. Waziri wa Mambo ya Nje wa Chekoslovakia, Jiří Hájek, alikuwa mapumzikoni Yugoslavia nchi yake ilipovamiwa. Alisafiri hadi New York, na Agosti 24 akasimama mbele ya Baraza akasema kwamba hakuna kiongozi halali wa nchi yake aliyeyaita majeshi yale.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Agosti 26 viongozi waliokuwa Moscow walitia saini itifaki waliyowekewa mezani, hati ya kukubali masharti ya Moscow. Ni mmoja tu kati yao, daktari František Kriegel, aliyekataa. Kesho yake Umoja wa Mataifa ukaletewa ombi kutoka Chekoslovakia yenyewe kwamba suala lake liondolewe kwenye ajenda. Sote tumewahi kumwona mama aliyevimba jicho akiwaambia majirani kwamba ameanguka tu bafuni, huku mume amesimama mlangoni anasikiliza. Majirani wenye haraka ya kurudi kwao huyakubali maneno hayo, na wakubwa wa dunia walifanya hivyohivyo. Marekani ilikuwa na vita yake Vietnam, na Rais Johnson alikuwa anatarajia mazungumzo na Moscow juu ya kupunguza silaha za nyuklia. Aliahirisha safari, akatoa karipio, basi. Michel Debré, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa wakati ule, anakumbukwa kwa kuufananisha uvamizi na ajali ya barabarani kwenye njia ya kuelekea maelewano. Ajali! Kama makala yenu ingesema wakubwa walipiga kelele kidogo kisha wakaendelea na safari, nisingeshika kalamu.

Lakini wapo waliosema dhidi ya kambi yao wenyewe. Vyama vya Kikomunisti vya Italia na Ufaransa, vilivyozoea kufuata mstari wa Moscow, vililaani. Rais Tito wa Yugoslavia alilaani. Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa Romania, aliwahutubia watu wake jijini Bucharest Agosti 21 na kuuita uvamizi kosa kubwa, ilhali nchi yake imo ndani ya Mkataba wa Warsaw na jeshi la Kisovieti liko mpakani. Albania ilijitoa katika Mkataba Septemba. China nayo ililaani, ingawa mageuzi ya Prague haikuyapenda hata kidogo. Ugomvi wake ulikuwa na Moscow. Sidai kwamba wote hawa walikuwa watakatifu. Ceaușescu tunajua alivyowafanya watu wake baadaye. Fidel Castro wa Kuba, ambaye wengi wetu tulimhusudu, alikiri kwamba mamlaka ya Chekoslovakia yamevunjwa, kisha akaunga mkono uvamizi. Nilimsamehe mengi Castro. Hilo sikuweza.

Na wapo wanane ambao ningependa kila mwanafunzi awajue. Agosti 25, raia wanane wa Kisovieti waliketi katika Uwanja Mwekundu wa Moscow na mabango, mojawapo likisema: kwa uhuru wenu na wetu. Hawakumaliza hata robo saa kabla ya kukamatwa. Saba kati yao waliishia jela, uhamishoni au katika hospitali za vichaa. Mtu akiandika kwamba dunia ilinyamaza, wanane hawa anawaweka wapi?

Nije nyumbani. Tanzania ililaani, na ililaani waziwazi. Nilikuwa na miaka 14, tukasikiliza kwenye redio ya mjomba wangu, na watu wazima waliokuwepo barazani walibishana hadi taa ya chemli ikaisha mafuta. Jijini Dar es Salaam vijana wa TANU waliandamana dhidi ya Wasovieti. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulifanya hivyo kuwafurahisha Wachina, kwa kuwa makubaliano ya reli ya kwenda Zambia yalikuwa yametiwa saini mwaka 1967. Hoja hiyo naijua na siikubali. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi walikuwa wamejitangazia uhuru, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, na wakati ule hakuna Mchina aliyetutuma. Kanuni ilikuwa moja: nchi ndogo isichaguliwe njia na nchi kubwa. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu Azimio la Arusha. Nchi iliyokuwa inajijengea ujamaa wa aina yake ingewezaje kukubali kwamba ujamaa una mwenyewe, na mwenyewe anaishi Moscow?

Wala haikuwa rahisi kusema hivyo kutoka Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi kwetu vilitegemea silaha za Kisovieti dhidi ya Wareno na makaburu. Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini kiliunga mkono uvamizi. Siwalaumu sana waliokuwa vitani wakihofia kukatiwa risasi. Ila ndiyo sababu msimamo wa serikali mwenyeji wao una uzito ambao karipio la Washington halikuwa nalo. Aliyetoka kumwaga mabomu Vietnam alikuwa anamfundisha nani heshima ya mipaka?

Mtu ataniuliza, na wanafunzi waliniuliza kila mwaka: ilisaidia nini? Majeshi hayakuondoka. Aprili 1969 Dubček aliondolewa na Gustáv Husák akashika nafasi yake. Baadaye Dubček alifanya kazi idara ya misitu kule Slovakia. Mwanafunzi Jan Palach alikuwa amejichoma moto Prague kwa kupinga, Januari ya mwaka huo. Jibu langu lilikuwa hili. Wavamizi walihitaji kuambiwa kwamba waliitwa, na hawakumpata wa kusimama hadharani aseme ni yeye aliyewaita. Walihitaji vyama vyote vya Kikomunisti viwapigie makofi, na vikubwa vya Ulaya Magharibi vikakataa. Uongo wao ulianza maisha yake ukiwa umeshakataliwa. Hájek aliyesema New York alifukuzwa uwaziri na chama, lakini mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa wasemaji wa kwanza wa Mkataba wa 77, kundi lililoitaka serikali ya Prague iheshimu haki ilizotia saini yenyewe. Na Desemba 1989 Moscow, pamoja na Poland, Hungaria, Bulgaria na Ujerumani Mashariki, zilitamka rasmi kwamba uvamizi ulikuwa kosa. Mwezi huohuo Dubček alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge. Miaka 21 ni mingi, najua. Palach hakuiona.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Tafuteni magazeti yetu ya Agosti 1968 mchapishe tena taarifa ya Serikali ya Tanzania, nzima, bila kuikata. Wanafunzi wangu wa zamani wengi wanasoma gazeti hili, nami niliwafundisha habari zake kwa kumbukumbu tu, sikuwa na nakala ya kuwaonyesha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro