Shukrani kwa mzee wa Mkunguni

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo ni kosa langu. Nilikuwa nimeketi Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, nikinung'unikia Kichomi, diwani ya mashairi huru ya mshairi Euphrase Kezilahabi ya 1974. Mimi nimelelewa na tarbia, mashairi ya mistari minne kila ubeti: mizani (silabi) 16 kila mstari, vina vya kati na vya mwisho. Mashairi huru niliyaona maneno yaliyokatwakatwa tu.

Ukanipokonya kitabu (kwa adabu, lakini ulinipokonya!), ukasoma kwa sauti. Kila mstari ulipokatika ulinyamaza, kidole kimesimama hewani. "Hapo ndipo pa kusikiza, mwanangu." Punda akapita, ukamngoja, ukaendelea.

Vina bado navitamani. Lakini usiku ule niliurudia ukurasa mara tatu, kwa sauti. Ahsante sana. Na kahawa, muuzaji aliniambia ulishailipia.