Waliopotea vitani: tuandike sasa, wazee wangali nasi

Mhariri,

Wengi wa wasomaji wako wanamfahamu mtu ambaye vita virefu vimemwachia ndugu asiyejulikana aliko. Majirani na marafiki humwambia, "Yaache, Mungu ndiye anayejua," kwa nia njema kabisa. Sisi tunaofanya kazi ya kutafuta waliopotea tunawaomba waache kauli hiyo, waketi naye na daftari. Vita vikidumu, mashahidi wake huzeeka. Vya Lebanon vilianza 1975 vikaisha 1990, na sheria ya kuunda tume ya taifa ya kuwatafuta waliopotea ikapitishwa 2018. Katika miaka hiyo 28 kina mama wengi walikufa bila jibu, wakaondoka na habari ambazo hakuna aliyeziandika.

Kuuliza kuna namna yake. Usianze na siku aliyopotea. Anza na maisha yake: alipenda nini, alicheka vipi, alikuwa wa ngapi kuzaliwa. Kumbukumbu za mwili wake, kama kovu au jino, zitakuja zenyewe, nazo ndizo zenye kazi kubwa. Saa moja inatosha kwa siku. Mzee akikosea mwaka, msibishane. Andika alivyosema, kisha umuulize mtu mwingine wa rika lake.

Kwenye majina ndiko majalada mengi ya utafutaji huharibika. Andika jina la nyumbani, la shuleni, la dini, la utani, na lile alilojiandikishia jeshini kama lilikuwa tofauti. Ongeza jina la baba, la mama na la babu. Karani wa kambini huandika kwa sikio, tena mara nyingi kwa lugha isiyo yake, na jina likipita katika herufi za Kiarabu au za Kisirili, yaani zile za Warusi, hurudi na sura tatu au nne. Basi usichague tahajia moja "sahihi" ukafuta nyingine. Ziweke zote. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kama haijulikani, usibuni. Orodha za wakimbizi zimejaa watu waliozaliwa tarehe 1 Januari, na tarehe hiyo haimtofautishi mtu na mwenzake. Afadhali uandike "alimfuata dada yake kwa miaka miwili hivi".

Mahali pawe kijiji au mtaa, si mkoa tu, pamoja na jina la zamani kama limebadilishwa. Kisha: alionekana mara ya mwisho siku gani, na nani, akielekea wapi, amevaa nini. Hapa pana kosa moja linalotuumiza kuliko mengine. Mtu husimulia "aliuawa darajani", mwandishi akaandika hivyo hivyo, na miaka ikapita watu wakichimba penye daraja. Ukiuliza vizuri unakuta msimulizi hakuona. Aliambiwa na mtu aliyeambiwa. Kando ya kila habari andika: ameona, au amesikia kwa nani.

Kuhusu mwili, urefu upime kwa mtu aliye hai: "alimfikia huyu begani". Mfupa uliowahi kuvunjika, upande gani, akiwa na umri gani. Vyuma vilivyowekwa na daktari, maana vingine vina namba. Meno: lililong'oka, lililopandana, lenye dhahabu, pengo la mbele. Kulia na kushoto ni kwa aliyepotea mwenyewe, si kwa anayemtazama pichani. Kwa ajili ya meno hayo, picha ya harusini anapocheka, meno yakionekana, humsaidia mtaalamu wa mifupa kuliko picha ya kitambulisho. Toa nakala, usitoe picha yenyewe, na nyuma yake andika kwa penseli.

Ombi la kutafuta ndugu hupelekwa kwenye chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu cha nchi husika, au ofisi ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni bure. Kamati hiyo ndiyo yenye Wakala Mkuu wa Utafutaji, kazi ambayo mizizi yake ni vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, na mtandao wa vyama umeenea katika nchi zaidi ya 190. Familia iliyotawanyika iambizane nani amefungua jalada wapi, la sivyo dada wawili watafungua majalada mawili yenye tahajia mbili na hakuna atakayeyaunganisha. Ukihama au ukibadili namba ya simu, rudi ukaseme. Jibu lililokosa wa kulipokea ni jambo tunalokutana nalo mara nyingi mno. Familia ijue pia kwamba aliyepatikana akiwa hai huulizwa kwanza kama anaridhia ndugu waambiwe aliko. Wapo wanaokataa, na uamuzi wao huheshimiwa.

Sasa vinasaba, yaani DNA. Katika mauaji ya Srebrenica, huko Bosnia, ya Julai 1995 waliuawa wanaume na wavulana wapatao 8,000. Baadaye wauaji walifukua makaburi ya halaiki kwa mashine na kuhamisha miili, hata mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika mashimo zaidi ya moja. Nguo na vitambulisho havikutosha. Vitani watu huvaliana makoti. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea, iliyoundwa 1996, ilikusanya damu za ndugu ili vinasaba vyao vilinganishwe na vya mifupa, na leo karibu watu 7,000 wa Srebrenica wametambuliwa kwa majina.

Sampuli yenyewe ni tone la damu kwenye karatasi maalumu au ute wa ndani ya shavu. Hukaushwa kabisa na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ukungu huiharibu. Mzazi na mtoto ndio wenye thamani kubwa, ndugu wa baba na mama mmoja wanafuata, na inafaa wapatikane zaidi ya mmoja. Mke au mume hana nasaba na aliyepotea, lakini sampuli yake ikiandamana na ya mtoto wao husaidia kutenga vinasaba ambavyo mtoto alivipata kwa aliyepotea. Ukoo uandikwe kwa ukweli. Mtoto wa kulea au ndugu wa mama mmoja akiandikwa kuwa wa damu kamili, hesabu haikubali na mifupa hurudi kabatini bila jina. Mambo haya ni ya siri na ya aibu katika nyumba nyingi, kwa hiyo kila mmoja aulizwe peke yake. Kama mama yu hai, mchukueni sampuli yeye kwanza, hata kama hakuna kaburi lililofunguliwa bado.

Matapeli nao wapo. Hupiga simu wakidai wamemwona aliyepotea gerezani, wakitaka fedha. Ndugu wanaobandika mtandaoni picha yenye majina kamili na simu huwapa matapeli hao majibu yote ya maswali ambayo yangewaumbua. Bakizeni alama moja msiyoitangaza popote: kovu, au jina la kubembelezewa utotoni. Habari za watoto waliotengana na wazazi zisibandikwe kabisa.

Lipo pia suala la mke, ambaye si mjane na hana mume. Hufungiwa akaunti, shamba halimilikishwi, na ofisi humsukuma aombe cheti cha kifo asichokiamini. Sri Lanka, kwa sheria ya 2016, iliruhusu hati ya kutokuwepo, inayomwezesha kushughulikia mali bila kutamka kwamba mumewe amekufa. Pasipo na hati kama hiyo, kabla hajasaini cha kifo aulize kwa maandishi kama jalada la utafutaji litafungwa.

Kwako Mhariri tuna maombi mawili. Kila tarehe 30 Agosti, siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliotoweshwa, chapisheni fomu ya nusu ukurasa yenye maswali haya, watu waikate na kuijaza pamoja na wazee wao. Na gazeti liache kuandika "inasadikiwa amefariki" pale ambapo hakuna mwili wala shahidi aliyeona. "Hajulikani aliko" ndiyo kauli ya kweli, na familia zinazosubiri huisoma tofauti sana.

Wenu,
Wahudumu wa kujitolea katika kutafuta waliopotea vitani