Barua ya malalamiko: cheti changu kimefia kwenye faili lenu

Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.
2 Desemba 2024

Wakili Mkuu,
Kampuni ya Uwakili,
Dar es Salaam.

Ndugu Wakili,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHAURI LANGU LA TALAKA NA MALEZI YA WATOTO

Mimi ni mteja wenu tangu 19 Februari 2024. Faili langu liko kwa yule wakili kijana wa chumba cha pili, anayesema "usijali mama" kabla hujamaliza kueleza. Nimempigia, nimemtumia ujumbe, nimekaa kwenye benchi lenu mpaka dada wa mapokezi akazoea kuniita kwa jina la mwanangu. Sasa nakuandikia wewe mwenyewe, kwa kuwa jina lililopo mlangoni ni lako.

Siku ile nilikuja na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, karatasi ya mauziano ya kiwanja, na cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata yetu, kilichotolewa 12 Februari 2024, kwamba wazee wameshindwa kutupatanisha. Kilikuwa na umri wa wiki moja. Kijana akakigeuza huku na huku, akasema, "Hapa mama umeshamaliza kazi ngumu, iliyobaki ni yetu."

Kweli ilikuwa kazi ngumu. Nilikaa mbele ya baraza mara tatu. Mmoja wa wazee ni mteja wangu, namshonea suruali. Mwingine anaswali na baba mkwe wangu. Mbele yao nilieleza mambo ambayo hata mama yangu mzazi sijawahi kumweleza: usiku gani nilifungiwa nje, nani alikuja kunifungulia, kwa nini binti yangu anaamka akilia. Nilipopewa ile karatasi yenye muhuri niliibeba kifuani kwenye daladala mpaka nyumbani. Sikuithamini kwa sababu nafurahia talaka. Niliithamini kwa sababu nilijua sitakuwa na nguvu ya kuyasema yale maneno mara ya pili.

Wewe unaijua Sheria ya Ndoa ya 1971 kuliko mimi. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza barazani, na kifungu cha 106(2) kinataka ombi la talaka liambatane na cheti kisichozidi miezi sita tangu kilipotolewa mpaka siku ya kufungua kesi. Miezi sita ya cheti changu iliisha 12 Agosti. Ninyi mlifungua kesi 23 Agosti. Siku kumi na moja!

Na hazikupotea kwa uchache wa muda. Cheti hicho mlikuwa nacho mkononi kuanzia Februari. Machi nikaambiwa rasimu inaandaliwa. Aprili nikaambiwa wakili yuko kwenye kesi mkoani. Mei mkaniita nisome rasimu, nikakuta nimeandikiwa watoto watatu na shamba la ekari tano Kibaha. Sina shamba Kibaha. Nina watoto wawili, na kwenye nyumba yetu ya Mbagala nina vyerehani viwili. Kijana alicheka, akasema ni "mambo ya kompyuta". Mimi sikucheka, maana niliwaza kuna mwanamke mwingine mahali fulani anasomewa habari za nyumba yangu. Juni mkaniomba laki nne "ya kufungulia kesi". Nikatuma siku hiyo hiyo, kwa simu, kwenye namba iliyotokea jina la kijana mwenyewe, si la ofisi. Baadaye karani mmoja wa mahakama akanielewesha kwamba ada ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Namba hiyo sijawahi kuonyeshwa mpaka leo, wala risiti.

Tarehe 17 Oktoba wakili wa mume wangu akasimama na pingamizi la awali. Lilikuwa fupi: cheti kimepitwa na wakati, ombi halina miguu. Wakili wetu akajibu kuwa ni dosari ndogo isiyomuumiza mtu. Hakimu akamuuliza swali moja tu: kilitolewa lini na kesi imefunguliwa lini? Wakili wetu akaanza kufungua karatasi. Mimi nyuma nilikuwa nimeshahesabu kwa vidole, nikatamani ardhi ipasuke. Tarehe 7 Novemba uamuzi ukasomwa, shauri likaondolewa mahakamani. Siku hiyo wakili wangu hakuja. Mlimtuma binti wa mafunzo, ambaye kosa si lake, akanisindikiza mpaka getini akiniambia nisilie, "halijatupiliwa mbali mama, limeondolewa tu, unaweza kulifungua upya."

Naelewa tofauti hiyo. Naomba na wewe uelewe yangu.

Binti yangu mdogo anatimiza miaka saba tarehe 9 Machi 2025. Kifungu cha 125 cha sheria hiyo hiyo kinaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, dhana ambayo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi. Sisemi kwamba akifika saba anachukuliwa. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu amenieleza vizuri kuwa mahakama itaangalia ustawi wa mtoto kuliko kitu kingine chochote, na matakwa yake kama ameshaweza kuyasema. Lakini ile nafasi ya kuanzia, ambayo sheria ilinipa bure, ilikuwa yangu mlipopokea bahasha. Mtoto alikuwa bado hajafika sita. Kama mngefungua kesi Machi, tungekuwa na mwaka mzima. Leo nikipata cheti kipya na kufungua kesi wiki hiyo hiyo, hukumu haitatoka kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Nyie mmepoteza siku kumi na moja, mimi nimepoteza mwaka wa mwanangu.

Jambo hili halijawahi kusemwa ofisini kwenu. Nilichoambiwa Februari ni kwamba "wa kike ni wako moja kwa moja, wa kiume mwachie baba." Sheria haigawi watoto kama vyombo vya jikoni. Niliambiwa vilevile nisitegemee sana nyumba kwa kuwa "aliyejenga ni yeye." Wakili mzima! Hata sisi tusiosoma tumesikia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu mwishoni. Na mimi si kupika na kufua tu. Nondo za msingi wa nyumba ile zilinunuliwa na sare za shule nilizoshona. Madaftari ya oda niliyaleta. Kwenye ombi mlilofungua hayakutajwa hata kwa mstari mmoja. Matunzo ya watoto wakati kesi ikiendelea, niliyoyaomba mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa maandishi, hamkuyapeleka kabisa.

Tarehe 18 Novemba nilirudi barazani. Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, si tulishamalizana?" Mume wangu alikuja amenyoa vizuri, akakaa, akasema mbele ya wote, "Si alisema ana wakili?" Wakacheka, wengine kwa aibu. Nikaanza tena: usiku gani, nani alifungua mlango. Tumepangiwa kurudi 11 Desemba.

Ninachotaka ni hiki. Nataka faili langu lote, pamoja na vyeti halisi, karatasi ya mauziano na madaftari ya oda. Sitaki nakala. Nataka mnirudishie shilingi 1,200,000 nilizolipa, yaani laki nane za Februari na laki nne za Juni. Ada ya mahakama mkiweza kunionyesha stakabadhi yake, ikateni, sina ugomvi na serikali. Na nataka barua yenye sahihi yako, siyo ya kijana, inayokiri kwamba cheti kilipokelewa na ofisi 19 Februari, maana wakili nitakayemchukua atahitaji kueleza mahakamani kwa nini tumechelewa, na sitaki ionekane nilikuwa nimelala. Pendekezo mlilonitumia kwa simu wiki iliyopita, kwamba nikiongeza laki tano mtafungua upya "kwa bei ya mteja wa zamani", nimelihifadhi jinsi lilivyo.

Nawapa siku kumi na nne tangu kupokea barua hii. Zikipita, malalamiko haya nayapeleka kwa Kamati ya Mawakili iliyowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, yakiwa na viambatanisho: ujumbe wa simu, miamala yote miwili, nakala ya uamuzi wa 7 Novemba, na ile rasimu yenye shamba la Kibaha. Hiyo rasimu nimeifuta majina kwa wino mweusi ili kumsitiri mwanamke mwenye shamba hilo. Kama mnamfahamu, mwambieni naye akaangalie tarehe ya cheti chake.

Faili nitakuja kulichukua mwenyewe 16 Desemba saa tatu asubuhi. Naomba liwe tayari mapokezi, nisikalishwe kwenye benchi. Nina sare za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Mteja wenu,
Mama wa watoto wawili, Mbagala