Tukitenganisha taka nyumbani, gari lisizichanganye barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaoandaa mikataba ya uzoaji taka hapa Dar es Salaam. Kila mkutano wa mtaa tunahimizwa tutenganishe taka majumbani, na wengi wetu tumeitikia. Lakini gari likija, vijana wanachukua kiroba cha maganda na kiroba cha chupa, wanavitupa humo humo, vinashindiliwa pamoja. Kazi ya wiki nzima inaharibikia getini, mbele ya macho ya watoto tuliowafundisha kutenganisha.

Mimi ni mwenye nyumba Tabata. Nyumba yangu ni ya wapangaji, na sote tunatumia ua mmoja. Mmoja wao anakaanga chipsi barabarani, kila jioni anarudi na ndoo ya maganda ya viazi. Mwingine ana mtoto mchanga, kwa hiyo pampasi haziishi. Mwezi wa Ramadhani machicha ya nazi yanajaa mpaka basi. Tulikaa tukakubaliana: ndoo yenye mfuniko iwe ya vinavyooza, kiroba kimoja kiwe cha chupa, makopo na maboksi, na kingine kiwe cha vile visivyo na kazi tena, yaani pampasi, vifungashio vya nailoni vilivyochafuka, vigae na nguo zilizochakaa kabisa. Hakuna aliyepigwa faini. Niliwaonyesha tu jinsi inzi walivyopungua uani, wakaona wenyewe.

Maganda mengi wanakula kuku. Yanayobaki yanaingia shimo lililo nyuma ya choo: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda ninayopewa na fundi seremala, kisha tunageuza kwa koleo ili hewa ipite. Mifupa na utumbo wa samaki hatutii humo, maana panya wa Tabata hawahitaji mwaliko wa pili. Mboji inayotoka inalea mchicha na matembele kwenye viroba kando ya ukuta, na kila mpangaji anachuma.

Nataka niwataje pia vijana wanaookota makopo, kwa sababu wamesemwa vibaya mno. Alfajiri wanapita na viroba vyao mgongoni, na majirani wanalalamika kwamba wanachana mifuko ya taka na kuacha uchafu umezagaa. Wanachana kwa sababu chupa imefichwa chini ya ugali uliochacha. Kwangu chupa ziko peke yake, kavu. Kijana anagonga geti, anasalimia, anachukua, anakwenda kupima kwa mwenye mizani. Boksi likishalowa mchuzi halina mnunuzi, na chupa iliyojaa matope inashusha bei ya kiroba kizima. Usafi wa chupa ile ni chakula cha kijana yule.

Sasa nirudi kwenye gari. Sisi watu wa Tabata tuna haki ya kusema kuhusu dampo, kwa sababu dampo la mji huu lilikuwa kwetu. Taka zilimwagwa na kuchomwa hapa hapa, moshi ukiingia vyumbani. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 mahakama ilipokataa. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa kule nao wakashtaki, nao wakashinda. Zikaja Vingunguti, baadaye Mtoni, na leo ziko Pugu Kinyamwezi. Nawaheshimu sana waliosimama mahakamani, maana tunapumua kwa sababu yao. Ila kila ushindi ulimhamishia jirani moshi ule ule, na watu wa Pugu wana mapafu kama sisi. Njia pekee ya kuwaondolea mzigo ni kupeleka kidogo.

Na kupeleka kidogo kunawezekana. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika jiji hili ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mihogo na viazi, mabaki ya chakula, majani. Ndivyo vizito kuliko vyote kwa sababu vimejaa maji. Gari linachoma dizeli kubeba maji hayo hadi Pugu, na yakishafukiwa chini ya lundo bila hewa yanatoa gesi ya methani, ambayo inachangia joto la dunia na huwaka moto damponi. Maganda hayo hayo yakipata hewa na majani makavu yanakuwa mboji.

Haya si mambo ya Ulaya. Kata ya Bonyokwa, majirani zetu kabisa, wana ushirika wa wakusanya taka ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Nipe Fagio. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanapokea taka zikiwa zimetenganishwa, wanazipeleka kwenye kituo chao: vinavyooza vinatengenezwa mboji, vinavyouzika vinauzwa, na kinachoshindikana ndicho kinachokwenda dampo. Wakusanyaji ni wakazi wa pale pale, wanajuana na mama wa kila nyumba. Ukichanganya, unaambiwa siku hiyo hiyo, mlangoni kwako, na mtu unayekutana naye dukani. Kinondoni nao, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, wamejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masokoni. Kwa hiyo utaalamu upo mjini hapa, na ardhi imepatikana pale ilipotafutwa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa kule kule zinakozalishwa. Naamini utaratibu huo hauwezi kuishia jikoni kwangu. Lazima ufuate kiroba mpaka ndani ya gari.

Tumeshaonyesha kwamba tunaweza kubadilika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, watu walisema biashara zitasimama. Hazikusimama. Tulirudi kwenye vikapu na mifuko mbadala ndani ya wiki chache, kwa sababu agizo lilimgusa kila mtu, kuanzia kiwandani hadi kwa muuza nyanya. Leo vifungashio vyepesi vimejipenyeza tena sokoni, na hilo linahitaji barua yake. Ninachosema ni kwamba mwananchi wa kawaida hutii haraka akiona mnyororo mzima umetii.

Hata usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unateseka kwa sababu hii hii. Tunazibua mifereji, tunarundika matope na plastiki kando ya barabara, tunapiga picha, tunakwenda nyumbani. Mvua ikitangulia kabla ya gari, lundo linarudi mferejini na kutoka hapo linaelekea Mto Msimbazi. Waliojenga bondeni wanajua linafika wapi.

Ombi langu ni hili. Mkataba wa mkandarasi useme wazi kwamba kuna siku ya taka mbichi na siku ya taka kavu, na kwamba gari likichanganya, mkandarasi anakatwa malipo. Vikundi vya vijana wenye guta na waokota makopo waandikishwe na mtaa, wapewe vitambulisho na glavu, na taka kavu ziwe zao kisheria. Kila kata itengewe eneo dogo la kutengenezea mboji, hata kona ya soko inatosha kuanzia. Ada ya taka siigombei, gari lazima liwekewe mafuta na watu walipwe. Lakini nyumba inayotoa kiroba kimoja kidogo kwa wiki isilipe sawa na inayotoa vitano, kwa sababu punguzo la shilingi elfu moja litawashawishi wapangaji wangu kuliko semina yoyote.

Mkataba wa sasa mtaani kwetu utafika mwisho, kama mikataba yote. Kabla ya kusainiwa mwingine, tunaomba rasimu yake ibandikwe ubaoni ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, tupewe muda wa kuisoma, kisha uitishwe mkutano tuijadili kipengele kwa kipengele.

Mama mwenye nyumba,
Tabata, Dar es Salaam