CD huharibikia upande wa maandishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Juzi nilikuwa naandika jina juu ya CD niliyotoka kuirekodi, mtoto wa kaka yangu akanishika mkono. "Shangazi, acha! Wino utapenya uile yote." Nimekuwa nikirekodi na kuhifadhi sauti za ukoo wetu kwa zaidi ya miaka 20, na onyo hilo nimelisikia kwa watu wengi. Nataka kulijibu vizuri, kwa sababu mle ndani mna sauti za watu ambao hatutawasikia tena.

Hofu ya kijana haikutoka hewani. CD ya kurekodia ina tabaka kadhaa. Upande wa chini ni plastiki ngumu yenye unene wa milimita 1.2, na leza husoma kwa kupitia humo. Juu ya plastiki kuna rangi maalumu inayochomwa wakati wa kurekodi, halafu utando wa fedha, mara nyingine dhahabu, wa kurudisha mwanga. Kinachofuata ni vanishi tu, nyembamba kuliko unywele. Kati ya ncha ya kalamu yako na sauti uliyohifadhi hakuna kinga nyingine. Hata hivyo naona watu wakiilaza CD mezani kifudifudi ili upande unaong'aa usiguse kitu! Mkwaruzo wa chini mara nyingi husuguliwa ukatoka. Utando wa juu ukichubuka, kilichokuwa hapo kimekwenda.

Sasa wino. Makapeni hazifanani. Zile zenye harufu kali inayopanda puani, ambazo wino wake umechanganywa na viyeyushi kama zailini au toluini, ndizo za kuogopa, maana kiyeyushi kinaweza kulainisha vanishi na kufika kwenye fedha. Zenye spiriti hatari yake ni ndogo zaidi, na za wino wa maji ndizo bora. Mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unashauri makapeni ya ncha laini isiyo na viyeyushi.

Lakini katika CD zangu, wino haujaniliza hata mara moja. Kilichoniliza ni stika.

Mwaka 2004 nilimrekodi marehemu baba akisimulia asili yetu, tangu babu wa babu yake. Nilitaka CD ile ipendeze, nikaibandika stika ya duara yenye jina lake. Miaka ilivyopita stika ikaanza kunyanyuka ukingoni, nami nikaona heri niibandue. Niliivuta polepole, kwa kucha. Ilitoka na kipande cha fedha kinachotoshana na ukucha wa kidole gumba. Nilipoiinua CD kwenye taa, mwanga ulipita moja kwa moja palipokuwa na sauti ya baba. CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mwanzo wa masimulizi ulibaki mzima. Baba anaanza, anacheka, anawataja ndugu zake mmoja mmoja, anafika kwa dada yake wa mwisho, kisha inaanza kukwama. Majina ya watoto wa shangazi yule yalikuwa pale ukingoni.

Kalamu ya kawaida nayo haikuniacha bila hasara. Ncha yake ni ngumu, ukiikandamiza inaacha kovu kwenye fedha. Geuza CD iliyoandikwa hivyo, uitazame kwa pembeni karibu na dirisha: utaona herufi zimejichora upande wa chini. Penseli ni hivyo hivyo.

DVD zina nafuu, kwa kuwa tabaka la kumbukumbu limefungwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja, na wino wa juu haulifikii kirahisi. Stika hata huko siishauri, kwani uzito usiolingana huifanya diski iyumbe inapozunguka kwa kasi.

Kijana wangu nilimwonyesha nafanyaje. Pale katikati, kuzunguka tundu, pana duara la plastiki tupu lisilo na fedha wala kumbukumbu. Hapo naandika namba tu, kwa makapeni ya ncha laini, bila kukandamiza. Jina, tarehe na maelezo yote naandika kwenye karatasi ya kasha. Ukikosa nafasi hapo katikati, tumia wino wa maji na uuache ukauke kabla ya kuirudisha kwenye kasha.

Na wenzangu mliokwishabandika stika, nawasihi msizibandue. Ziacheni zilivyo, mzinakili CD hizo kwenye kompyuta wiki hii, kabla ukingo haujaanza kunyanyuka.

Shangazi mtunza kumbukumbu