Pembe ya babu yako siing'arishi

Mombasa, Jumapili usiku

Salim ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na juzi kaniletea mahamri eti nipate nguvu za kumaliza kazi yako. Kazi yenyewe sijaimaliza, ndiyo maana nakuandikia.

Uliniambia niibandue rangi pembe ya gramafoni, niisugue ing'are kama zile za maduka ya watalii. Sikuthubutu. Kwanza hii si shaba, ni bati. Rangi ikitoka utabaki na kutu. Halafu, nimekaa nayo siku tatu nikaona kwamba babu yako hakuiacha kama alivyoinunua.

Unaikumbuka ilivyo, kama ua la kiazi kitamu, mapande marefu yameunganishwa toka shingoni hadi mdomoni. Pande moja lina kiraka cha kulehemu. Nilipomulika tochi kwa ndani nikakuta kimekatwa kwenye debe la mafuta ya taa, herufi bado zipo, kichwa chini miguu juu. Nikayagonga mapande kwa kucha, moja moja. Mengine yanalia nging'! Hilo la kiraka linasema du, basi. Bati jembamba hutetemeka lenyewe sauti inapopita, na mwimbaji akipandisha unasikia kama nyuki kafungiwa kikombeni. Ukilizidishia uzito, nyuki ananyamaza. Nadhani babu alianza kwa kuziba tundu, akapenda alichosikia, kwa sababu shingoni napo kazungusha utambaa uliolowekwa gundi, na pale hapakuwa na tundu lolote. Wala hakukosea: EMG, watengenezaji wa gramafoni wa London, miaka ya 1930, pembe zao kubwa walizitengeneza kwa karatasi na gundi, na wapenzi wa muziki wakazigombania.

Kilichonitatiza ni vitundu vinne ukingoni, vimetobolewa kwa msumari. Nilimuuliza mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Gramafoni haina pa kupunguzia sauti, na nyumba yenu na ya jirani zinatenganishwa na kichochoro cha hatua mbili. Usiku babu alikuwa akitundika kipande cha kanga mdomoni mwa pembe kwa nyuzi nne, ndipo aweke santuri zake za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay 1928. Nimejaribu. Sauti nyembamba zinafifia, udi unakuwa kama unapigwa chumba cha pili. Kusema kweli mimi nimeipenda zaidi hivyo.

Na usidhani ni babu peke yake aliyebadilisha alichokuwa nacho. Ile picha ya mbwa anayesikiliza pembe, mchoraji wake Francis Barraud alichora kwanza mashine nyingine kabisa, yenye pembe nyeusi. Akaenda kwenye kampuni ya gramafoni London kuazima pembe ya shaba ili picha ipate mng'ao. Meneja akamwambia atainunua ile picha akiifuta mashine yote na kuchora ya kwao. Akapaka juu yake mwaka 1899, akalipwa pauni 100. Ukiitazama ile ya asili mwanga ukitoka ubavuni, mashine ya kwanza bado unaiona chini ya rangi.

Mimi niliwahi kuharibu, sijakwambia. Miaka mingi nyuma nilipewa pembe nyeusi niisafishe, nikaipiga dawa ya kubandua rangi. Kitambaa kikatoka na wekundu, kisha kijani. Chini ya ule weusi mtu alikuwa kachora maua kwa mkono, na nilipotanabahi limebaki jani moja. Mwenyewe alifurahi, aliona imeng'aa. Nikapokea hela yangu nikanyamaza.

Basi yako nimeifuta vumbi, kutu ya ukingoni nimeizuia kwa mafuta kidogo, na lehemu moja iliyoachia nimeirudishia. Anayekuja Maskat wiki ijayo ataibeba. Niambie tu, ile kanga niifunge pamoja nayo? Mama yako anacho kipande, lakini anasema hakitoi mpaka umpigie simu mwenyewe.

Wako,
Abdalla