Malalamiko: nililipia bahari kuu, nikazungushwa mbele ya nguzo ya Vasco da Gama

Kwa meneja wa kampuni ya boti, Malindi.

Salaam. Mimi ndiye yule mteja wa safari ya kuvua ya Jumamosi iliyopita, watu wanne, babangu yule mzee wa kofia ya vito, mimi, kakangu na mtoto wake wa miaka 9. Nimepiga simu kwenu mara sita, nne hazikushikwa, ya tano nikaambiwa meneja ametoka, ya sita nikaambiwa kama nina malalamiko niandike. Haya, naandika, na nitaandika yote kwa hivyo kaeni vizuri.

Mapema niseme tusipotezeane wakati, silalamikii kukosa samaki wakubwa. Yule kijana wenu wa ofisini kila nikifungua mdomo ananikatiza "dada, bahari haina gerenti". Najua haina. Mimi ni mtu wa Ngomeni, babangu amevua miaka arobaini na kitu, kwa mshipi, kwa jarife, kwa dema, tangu enzi zile Wataliano wanarusha roketi pale San Marco, na ile setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilivyorushwa Desemba 1970 yeye alikuwa kijana wa miaka 17. Mtu kama huyo siku alizorudi mkono mtupu ni nyingi kuliko siku ambazo ofisi yenu imefunguliwa mlango.

Nilicholipia kiko kwenye WhatsApp na sijafuta meseji hata moja. Siku nzima, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, bahari kuu, injini mbili, jaketi za kuokolea za watu wote, redio ya boti, na hapo chini mkaandika wenyewe "samaki ni wa mteja". Shilingi 65,000, nusu dipoziti kwa M-Pesa, nusu asubuhi kabla ya kupanda. Hizo pesa nimeziweka kidogo kidogo tangu Ramadhani, maana mzee aliacha bahari miaka 11 iliyopita kwa sababu ya mgongo, na kila akipita pwani ya Malindi akiona boti za watalii anasema kwa mzaha, iko siku na mimi nitavua nimekaa kwenye kile kiti cha mzungu.

Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Boti ikaondoka saa moja na dakika arobaini, ati mafuta hayajaletwa. Yalipoletwa yalikuwa madumu mawili ya lita 20. Babangu akayatazama akamuuliza mtu aliyeyabeba, "haya ndiyo ya kwendea ama ya kurudia?" Watu wakacheka, mimi pia nilicheka, sikujua kwamba hapo ndipo siku yetu ilipoishia. Na msije mkamrushia lawama nahodha, yule ni kijana wa adabu, alimuamkia mzee kabla ya kitu chochote, lakini nahodha haendi bahari kuu kwa lita 40 na yeye siye anayenunua mafuta.

Basi tukatoka, na hatukufika popote. Kutwa tulikuwa tunaranda ng'ambo tu ya miamba, mji uko pale, minara ya misikiti naihesabu, na nguzo ya Vasco da Gama naiona kwa macho makavu, tena naona watu wamesimama chini yake wanapiga picha! Hiyo ndiyo bahari kuu yenu? Kwa bahari kuu hiyo ningewaita wale jamaa wa ngalawa wakanipeleka kwa bei ya chai.

Tena angalieni msimu. Huu ni wakati wa kaskazi, na kila mvuvi wa huku anajua kaskazi ikivuma maji ya mto Sabaki yanasukumwa kuja upande wa mji, mekundu kama chai ya maziwa. Sulisuli, yule samaki mkubwa wa bahari kuu, anawinda kwa macho. Anakaa pale mpakani, pale maji ya tope yanapokutana na yale ya buluu, vidagaa vinajazana pale na yeye anavisubiri, kwa hivyo boti yenye akili inarambaza ikifuata ule mstari. Mzee aliwaonyesha kwa kidole, mstari wenyewe ulikuwa unaonekana kule nje, pengine mwendo wa nusu saa hivi. Jibu alilopewa ni "mzee, ofisi imesema tusipite hapa." Tukabaki kwenye tope tunavuta vile vyambo vya plastiki vya rangirangi ambavyo nina hakika hakuna samaki hata mmoja aliyeviona.

Halafu kuna ile ya saa tano ambayo sijui niwaambie nyinyi au niwaambie wenyewe wanaohusika. Boti ilishuka kusini mpaka babangu akauliza, jamani, haya si maboya ya hifadhi ya bahari? Akaambiwa tuko nje kidogo. Hifadhi ile ni ya tangu 1968, wavuvi wa huku wamenyang'anywa nyavu na kulala ndani kwa sababu yake, leo boti ya watalii ije iburute mishipi ukingoni mwake kwa kuwa imebaniwa mafuta? Mzee aliniambia mimi kwa sikio kwamba akikamatwa uzeeni kwa kosa ambalo ujanani alilikwepa atacheka sana. Mimi sikucheka.

Kuhusu jaketi: tulikuwa watu saba pamoja na wahudumu wenu, jaketi zilikuwa nne, zote za watu wazima, moja haina mshipi wa kufungia. Ya mtoto hakuna. Tulimfunga ile kubwa kwa kilemba cha babu yake. Redio ilikuwepo, ndiyo, imepigiliwa ukutani vizuri kabisa, waya wake umening'inia hauendi popote.

Na zile injini mbili, moja ilikuwa pambo. Nilidhani wameiinua kwa ajili ya kubana mafuta, kumbe saa nane ile inayofanya kazi ilipokohoa ikanyamaza ndipo tukaambiwa ya pili "inasubiri spea". Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanajaa, upepo wa kaskazi unatusukuma, na mbele yetu mwamba unapiga povu. Ndugu meneja, sijui kama umewahi kukaa kwenye chombo kisicho na nguvu ukaangalia povu linakuja na mtoto wa kaka yako anakuuliza mbona tumesimama. Babangu ndiye aliyesema "tia nanga" na alisema kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi. Kamba ya nanga ilikuwa fupi, nanga ikawa inaning'inia tu, haijashika chini, ikabidi waunge kwa kamba ya kufungia boti gatini na ile ya maboya, akafunga mafundo yeye mwenyewe huku mikono inamtetemeka, ikashika. Tukakaa hapo saa nzima na zaidi. Simu ya ofisi yenu ilipigwa na nahodha, ikapigwa na mimi, ikapigwa na kakangu.

Waliotuvuta ni wavuvi wa mashua kutoka Mayungu waliokuwa wanarudi zao. Walikataa pesa, nikawalazimisha 2,000 ya mafuta. Hiyo nayo naidai.

Sasa ndio nije kwenye kilichonifanya nisilale. Kabla ya hayo yote, kama saa nne na nusu hivi, fimbo ya upande wa kushoto ililia. Hakikuwa kitu kikubwa, nguru tu, lakini mzee aliwekwa kwenye kile kiti chake, akashika, akakataa kusaidiwa, akasukana naye mpaka akamleta ubavuni. Nguru wa kilo saba, tulimpima palepale kwenye mizani yenu ya kuning'iniza na picha ninayo. Samaki wake wa kwanza baada ya miaka 11. Akasema huyu anakwenda Ngomeni kwa mamako, kichwa achemshwe, minofu apikwe wa kupaka.

Tulipofika ufuoni, wakati tunamshusha mtoto, nguru akawa ameshabebwa. Nikauliza, nikaambiwa samaki ni wa boti, ndio sheria ya kampuni. Nikaonyesha meseji yenu, nikaambiwa hiyo ni ya watalii wa nje. Mzee akasema twende, wacha, samaki ni samaki. Njia nzima mpaka nyumbani hakusema neno lingine.

Na ofisini kwenu nikaambiwa hakuna kurudishiwa pesa kwa sababu "masaa sita yalishapita" na injini kufa ni mambo ya Mungu. Mungu gani aliyewaambia mtoke na injini moja.

Ninachotaka ni hiki, 40,000 irudi, kwa maana safari ya kuranda nje ya miamba nusu siku najua bei yake, nimeulizia boti tatu. Pamoja na ile 2,000 ya watu wa Mayungu. Jaketi za watoto mnunue kabla hamjapakia familia nyingine, na hilo sitaki mnijibu, nitakuja kuangalia mwenyewe. Nawapa mpaka Ijumaa, baada ya hapo barua hii pamoja na picha ya ile redio naipeleka kwa mamlaka ya usafiri wa baharini, na ya yale maboya naipeleka kwa watu wa hifadhi.

Namba ya kutumia ni ileile niliyolipia. Na bei ya nguru muongeze kando, kilo saba, bei ya sokoni siku ile.

Mteja wenu wa Jumamosi